Barua ya wazi kutoka Tanga: tuambieni nishati yetu inazaa nini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, waheshimiwa wabunge wa majimbo yote ya mkoa wetu, na ndugu zetu watendaji wa EWURA wanaosimamia bei za nishati, TANESCO wanaotuuzia umeme, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Waheshimiwa, asalaam aleikum na salamu za heshima kutoka Ngamiani.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani. Kazi yangu imenipitisha kwenye mashamba ya mkonge njia ya Korogwe, kwenye viwanda vya hapa mjini, na kwenye karakana ndogo ambazo hazina hata bango. Ninachowaandikia kimo ndani ya kazi hiyo, na kimo pia ndani ya kila jiko la Tanga.

Tukitangaziwa hali ya uchumi, husikia pato la taifa limekua kwa asilimia ngapi. Tukitangaziwa habari za umeme, husikia megawati. Zote ni habari njema na nazipokea kwa shukrani. Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 si jambo dogo kwetu sisi tunaoukumbuka mgao wa 2006 na wa 2011. Ila kuna namba ya tatu inayoziunganisha hizo mbili: tunatumia nishati kiasi gani kupata kila shilingi elfu moja ya pato letu? Namba hiyo ipo, wataalamu wenu wanaijua, na inaposemwa husemwa kwa kuridhika kwamba inashuka mwaka hadi mwaka. Naomba mtuambie inashuka kwa sababu gani.

Kwamba inashuka sina ubishi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 pato letu limekua kwa kasi kuliko nishati tunayoichoma. Simu, benki, utalii na ujenzi vimeingiza fedha nyingi bila kudai boila wala tanuri kubwa. Dunia nzima inakwenda huko: mwaka 2010 ilitumia wastani wa megajuli (kipimo cha nishati) 5.6 kwa kila dola ya pato, na mwaka 2020 ikafika 4.6. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya 2015 yanataka kasi ya kushuka iongezwe mara mbili ifikapo 2030, na wakati ule kasi hiyo mpya ilihesabiwa kuwa asilimia 2.6 kila mwaka. Sisi bado tuko juu ya wastani wa dunia. Sababu kubwa haiko viwandani. Iko kwenye kuni na mkaa, ambavyo ndivyo sehemu kubwa kabisa ya nishati yote inayotumika nchini.

Sasa tazameni jinsi namba hii inavyoweza kushuka bila mtu yeyote kuokoa hata kijiti kimoja. Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadili mwaka wa kizio wa pato la taifa, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kulipimia, kutoka 2001 kwenda 2007. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu biashara nyingi mpya zilikuwa hazihesabiwi. Pato letu kwenye karatasi likaongezeka kwa zaidi ya robo. Ukigawanya nishati ileile kwa pato lililoongezeka hivyo, kiasi cha nishati kwa kila shilingi kinashuka kwa zaidi ya moja ya tano, na hakuna mota hata moja iliyobadilishwa. Mwaka 2019 kizio kikahamishiwa 2015. Wataalamu wanajua kurudi nyuma na kurekebisha miaka iliyotangulia, lakini mwananchi au diwani anayelinganisha ripoti ya zamani na ya sasa ataona ushindi ambao haukutokea.

Upande wa pili wa mgawanyo nao una shida yake. Kuni hazipiti kwenye mita. Kiasi cha kuni kwenye hesabu za taifa hukadiriwa kwa idadi ya watu na wastani wa kilo kwa kichwa. Kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya nishati yetu ndiyo tunayoijua kwa kukisia.

Lakini kinachoniuma zaidi kama mtu wa Tanga ni sababu nyingine kabisa.

Mkoa huu ulijua umeme mapema. Kampuni ya TANESCO, wakati ule Tanganyika Electric Supply Company, ilianzishwa 1931, mitambo ya Maporomoko ya Pangani ikajengwa katika miaka hiyo ya 1930, na wateja wake wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 mitambo ya Hale ikawashwa, megawati 21, na mwaka huohuo Tanzania ilizalisha kiasi cha tani 230,000 za mkonge, kilele ambacho hatujakirudia. Baadaye vikaja viwanda: mbolea mwaka 1972, chuma, saruji kule Pongwe mwaka 1980. Vijana wa wakati ule walitoka bara kuja Tanga kutafuta kazi, na wakaipata.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Fedha za kigeni hazikuwapo, vipuri havikuja, mashine zikafanya kazi nusu siku. Fundi yeyote wa zamani atawaeleza kilichotokea kwenye nishati. Boila ikishawashwa inakula mafuta ya kujipasha yenyewe, uwe unazalisha tani kumi au tani mbili. Mota kubwa inayozunguka bila mzigo wa kutosha inaendelea kuvuta umeme. Taa za godauni zinawaka, godauni likiwa tupu. Kwa hiyo katika miaka mibaya kila kilo ya bidhaa ilibeba nishati nyingi zaidi kuliko miaka mizuri. Uzembe wa wafanyakazi haukuhusika. Kiwanda kilichojengwa kwa kazi kubwa hakiwezi kubana matumizi kinapopewa kazi ndogo.

Kisha vikafungwa. Kiwanda cha mbolea kilizimwa 1991. Miaka minne baadaye, 1995, tukapata mitambo mipya ya Pangani ya megawati 68. Mkoa ukawa na umeme mwingi kuliko wakati wowote katika historia yake, huku wale waliopaswa kuutumia wakiwa wameshafunga milango. Kwenye takwimu za taifa, kufungwa kwao kulisaidia namba kushuka, maana kiwanda kilichofungwa hakivuti umeme wala hakichomi mafuta. Kuifurahia namba hiyo ni kumsifu mgonjwa kwa kula kidogo.

Ndiyo maana nasema hatuwezi kupokea namba moja peke yake. Ikishuka kwa sababu mama wa Makorora ameacha mkaa, hiyo ni afya na ni misitu ya Handeni na Kilindi. Ikishuka kwa sababu kiwanda kimenunua mota bora na bado kinaajiri, hiyo ni akili. Ikishuka kwa sababu ajira zimekufa, au kwa sababu kizio kimebadilishwa, hatuna cha kushangilia. Mtutenganishie.

Niruhusuni nikae kidogo jikoni, kwa kuwa huko ndiko nishati nyingi inakopotea.

Tanuri la udongo la mchoma mkaa hutumia takriban kilo nane za kuni kavu kupata kilo moja ya mkaa. Wengine hutumia zaidi, mabingwa wachache hutumia pungufu. Kilo nane za kuni zina kama megajuli 128. Kilo ya mkaa ina kama 29. Zaidi ya robo tatu ya nishati ya mti imekwenda na moshi kabla gunia halijafungwa kwenye pikipiki. Mkaa huo ukifika Tanga mjini unaingia kwenye jiko la bati ambalo hufikisha kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano ya joto lake. Pigeni hesabu mpaka mwisho: katika kila sehemu 100 za nishati iliyokuwa ndani ya mti, zinazoivisha maharage ni kama tano. Hakuna kiwanda nilichowahi kukitengeneza, hata kile kibovu kuliko vyote, kilichopoteza kiasi hicho.

Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage yaleyale kwa chini ya uniti moja. Nimeshazipima kwa mita, na majirani wameziona. Serikali inalijua hili. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mheshimiwa Rais amelisimamia jambo hili mpaka kwenye mkutano wa Paris, Mei 2024. Tunamshukuru kwa dhati.

Sasa waheshimiwa wa EWURA na TANESCO, chukueni kalamu. Kwa bei zilizotangazwa 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule tunayemwita wa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti akitumia mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Akizidi mara kwa mara, huhamishiwa T1, kundi la wateja wa kawaida, ambako kila uniti, ya kwanza hadi ya mwisho, ni shilingi 292. Yote hayo ni kabla ya kodi na tozo.

Chukueni familia ya Mikanjuni inayotumia uniti 70: taa, televisheni, friji ndogo, pasi. Inalipa shilingi 7,000. Mama akasikia wito wa nishati safi, akanunua sufuria ya umeme, akaongeza uniti 30 kwa mwezi. Sasa ni uniti 100. Mwezi wa kwanza analipa 16,250. Akishahamishiwa T1 analipa 29,200. Uniti 30 za kupikia zimemwongezea shilingi 22,200, maana yake kila uniti ya jikoni imemgharimu shilingi 740. Bei ya uniti haikuandikwa 740 popote, lakini ndiyo anayoilipa mtu aliyeitikia wito wa serikali yake. Jirani yake aliyebaki na mkaa bado analipa 7,000 ya taa zake na kisado chake cha mkaa dukani.

Nimewasikia wanaosema watu wa Pwani hatutaki kubadilika, tunapenda ladha ya mkaa. Ladha ya wali wa nazi uliopaliwa makaa naijua, nimekulia humo. Ila mama anayehesabu LUKU kila jioni anaamua kwa hesabu, na hesabu tuliyompa inamwambia abaki kwenye moshi. Rekebisheni. Wekeni kiwango cha kupikia juu ya zile uniti 75, hata uniti 40 tu kwa bei nafuu, kwa kaya zilizokuwa D1. Umeme upo sasa. Kila uniti mnayomuuzia mama huyo inaondoa nishati nyingi mara kadhaa upande wa kuni, hivyo namba mnayoipenda itashuka kwa sababu ya haki.

Kuhusu shule na taasisi sitasema mengi. Agizo lilikuja, majiko mapya hayakufuatana nalo kila mahali, na mwalimu mkuu hana fungu la kununua mtambo wa gesi wa kulisha wanafunzi mia tano. Agizo lifuatane na fedha.

Twendeni viwandani. Mota ya kilowati 15 inayozunguka kwa mzigo kamili saa 6,000 kwa mwaka hula zaidi ya uniti 90,000. Kwa bei ya T2, kundi la watumiaji wakubwa kuliko T1, ya shilingi 195 hiyo ni zaidi ya milioni 17 kwa mwaka, mara nyingi ya bei ya mota yenyewe. Lakini mwenye kiwanda hununua kwa kutazama bei ya dukani. Ikiungua anaipeleka kwa fundi wa kusuka, inarudi, inaungua, inasukwa tena. Mafundi wa kusuka mota wa Tanga ni hodari na siwezi kuwavunjia heshima, lakini mota iliyosukwa mara nyingi kwa waya usio saizi yake na kwa kuichoma moto ili kutoa waya wa zamani hula umeme zaidi kwa kazi ileile. Ikizidi kwa asilimia 3 tu, ni uniti 2,700 kwa mwaka, zaidi ya shilingi nusu milioni zinazogeuka joto. Zidisheni kwa mota zote za mkoa.

Niliwahi kuingia kwenye kiwanda kimoja ambako kompresa haikuzimika usiku wala mchana kwa sababu mabomba ya hewa yalivuja kila kona. Mwenyewe alikuwa akilalamikia bei ya umeme. Tukaziba, kompresa ikaanza kupumzika. Haikuhitaji mradi wa wafadhili. Ilihitaji mtu wa kutembea na povu la sabuni na kusikiliza. Sera ya Taifa ya Nishati ya 2015 ilitaja matumizi bora ya nishati. Naomba ishuke mpaka sakafuni: kila mtumiaji mkubwa wa umeme mkoani akaguliwe na mafundi waliofundishwa kazi hiyo, vyuo vya ufundi viwafundishe, na muhtasari wa ukaguzi uwekwe hadharani. Na mikopo ya mota ilipwe kupitia bili, polepole, kwa kile kinachookolewa.

Mkonge ni aibu yetu na ni bahati yetu. Katika jani lote, singa ni kama asilimia nne. Yaliyobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kukamua singa, kama majimaji na makapi, yakaenda mtoni. Pale Hale palijengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa biogesi na kuzalisha umeme, na umeme ukatoka. Ikiwa Tanga iliweza hilo mara moja, kwa nini kila korona mkoani isiwe na mtambo wake wa kujiendesha? Waziri wa Viwanda, hili liko mezani kwako hasa, kwa kuwa Bodi ya Mkonge na wakulima wadogo wanasukuma uzalishaji uongezeke tena, na makapi yataongezeka nao.

Saruji nayo ina kesi yake. Klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, lazima ifikishwe kwenye joto la nyuzi zipatazo 1,450, na fizikia haina msamaha hapo. Lakini klinka inaweza kupunguzwa kwenye mfuko kwa kuchanganya pozolana, yaani mawe ya volkano, na mawe ya chokaa, na nchi hii ina vyote viwili. Makaa ya mawe nayo hutoka Ruvuma, zaidi ya kilomita 1,000, kwa malori. Reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati mwaka 1963 kupitia Ruvu na Mnyusi. Tani moja juu ya reli hutumia dizeli kidogo sana kuliko juu ya lori. Mwaka 2019 mabehewa ya mizigo yalirudi njia ya kaskazini na watu wa Tanga tulisimama kuyatazama. Yaongezwe.

Halafu lipo bomba la mafuta ghafi. Kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, na kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda kama nta, lazima yapashwe joto njia nzima mpaka baharini. Hilo litavuta umeme mwingi. Mtakapoona nishati ya Tanga imepanda, msiogope na msitufiche. Viwanda vikirudi itapanda tena, na mimi nitafurahi. Mkoa unaofufuka hauwezi kutumia nishati kama mkoa uliolala. Ninachotaka kujua ni kila uniti imezaa nini na imezaa kwa nani: ajira ngapi za Chongoleani, kodi kiasi gani kwa halmashauri, umeme gani kwa vijiji ambavyo bomba limepita kwenye mashamba yao.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inataka uchumi wa dola trilioni moja. Leo tuko karibu na dola bilioni 80. Kwa hesabu ya haraka, uchumi huo ni zaidi ya mara kumi na mbili ya wa sasa, na tukiendelea kutumia nishati hivihivi tutahitaji nishati zaidi ya mara kumi na mbili. Mito mingine mikubwa kama Rufiji ya kutosha kazi hiyo hatuna. Tukishusha kwa asilimia 2.6 kila mwaka kwa miaka 25, kiasi cha nishati kwa kila shilingi kitabaki karibu nusu, na mahitaji yatakuwa kama mara sita. Bado ni mengi, lakini yanaweza kupangwa. Tofauti kati ya kumi na mbili na sita ndiyo mabwawa ambayo hatutalazimika kuyajenga, na misitu ya Handeni ambayo wajukuu wataikuta.

Waheshimiwa, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa Dodoma kila mwaka. Naomba katika ijayo kuwe na jedwali moja la ukurasa mmoja: nishati kwa kila shilingi ya pato kwa miaka 20 iliyopita, kwa kizio kimoja cha pato kilichorekebishwa mpaka mwanzo, kuni na mkaa vikiwa safu yao peke yao, viwanda safu yao, usafiri safu yake, na kila mkoa na mstari wake. Chini ya jedwali hilo EWURA waandike tarehe ambayo mama wa Mikanjuni ataacha kulipa 740. Wabunge wetu wa Tanga, nawaomba mlidai kabla ya kupiga kura ya ndiyo.

Wenu mtiifu,
Fundi umeme, Ngamiani, Tanga